Unataka kuishtaki halmashauri? Anza na notisi ya siku 90
Wana Dodoma, kama halmashauri imekubomolea ukuta au kiwanja chako kapewa mtu mwingine, usikimbilie mahakamani kesho yake, kesi itatupwa hata kama haki ni yako. Kwanza andika notisi ya siku 90, yaani barua ya kuwajulisha kuwa unakusudia kuwashtaki, eleza kisa chote na unachodai, peleka halmashauri, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, na kila ofisi wakugongee mhuri wa kupokea wenye tarehe kwenye nakala yako, hapo kwenye mhuri ndo watu wanaumia jamani. Siku zikiisha unafungua kesi Mahakama Kuu, na tangu 2020 lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu kwenye kesi kama mdaiwa, hata kama unayemdai ni halmashauri tu. Ule mhuri upige picha siku hiyohiyo, wino unafifia.