Kahawa Baridi ya Viungo kwa Sikukuu za Dodoma

Krismasi na Mwaka Mpya huifikia Dodoma wakati wa joto, mvua za msimu zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, na mgeni aliyetoka Singida au Kondoa kwa basi huhitaji kitu cha baridi kabla ya kuandaliwa pilau. Soda zimezoeleka, lakini nchi inayolima arabika Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, na robusta huko Kagera, haina sababu ya kukosa kinywaji cha kahawa kwenye meza ya sikukuu. Kahawa baridi yenye viungo hutengenezwa katika jiko la kawaida bila mashine yoyote, mradi mwandaaji azingatie jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: barafu ikiyeyuka huongeza maji, kwa hiyo kila kinachoingia kwenye glasi kiwe kizito kuliko kawaida, na barafu yenyewe iwe ya kahawa.

Kazi huanza jioni ya mkesha. Kwa glasi sita, chukua gramu 120 za kahawa iliyosagwa chengachenga, isiwe unga laini. Mwenye buni zilizokaangwa anaweza kuzitwanga kwenye kinu na kuacha kabla hazijawa vumbi. Iweke kahawa kwenye jagi, mimina lita 1 ya maji baridi, koroga mpaka yote ilowe, kisha funika na uiache kwenye friji kwa saa 12 hadi 16. Maji baridi huivuta kahawa polepole na kuacha nyuma sehemu kubwa ya uchungu na ukali ambao maji ya moto huutoa, ndiyo maana kahawa hii huhitaji sukari kidogo. Asubuhi ichuje mara mbili, kwanza kwa chujio la chai, halafu kwa kitambaa safi cha pamba kama kile cha kuchujia tui, bila kukikamua kwa nguvu, kwa sababu ukikamua utapitisha vumbi litakalotuama chini ya glasi. Machicha hubaki na maji mengi, hivyo utapata takribani mililita 750 tu. Mimina mililita 250 kati ya hizo kwenye trei ya barafu na kuiweka kwenye friza mara moja, ili igande kabla ya wageni kuketi.

Maji yanastahili uangalifu ambao wengi hawayapi. Maji ya visima vya Dodoma yanajulikana kwa chumvichumvi yake, na maji ya namna hiyo huififisha ladha ya kahawa hata kama kahawa yenyewe ni nzuri. Kwa lita moja ya sikukuu, maji ya chupa ni gharama inayokubalika. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, yakachemshwa na kupozwa, yanafaa vilevile.

Aliyechelewa kuanza atumie maji ya moto: gramu 90 za kahawa kwa mililita 750 za maji, dakika 4, kisha achuje na kupoza. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huchemka hapa kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100, kiwango kinachoikubali kahawa vizuri. Yaepue jikoni, subiri kidogo tu, kisha yamimine. Kahawa ya papo kwa papo, mfano Africafe, nayo inawezekana kwa vijiko viwili vya chai katika kila mililita 100 za maji, ingawa harufu yake haifikii ile ya kahawa iliyolowekwa.

Utamu na harufu ya sikukuu hutoka kwenye shira, kwa kuwa sukari ya kawaida haiyeyuki vizuri katika kinywaji cha baridi na hubaki chini ya glasi. Changanya gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji katika sufuria, ongeza vijiti viwili vya mdalasini, iliki nane zilizopondwa pamoja na maganda yake, karafuu nne na kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba. Chemsha kwa moto mdogo dakika 5, epua, funika, acha viungo humo kwa nusu saa, kisha chuja. Usizidishe karafuu, hata mbili za ziada zinatosha kuifunika iliki. Usiipunguzie tangawizi muda wa kuchemka, maana tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa, na moto ndio unaokiua.

Wageni wakishaketi, jaza nusu ya glasi kwa barafu ya kahawa, weka vijiko viwili vya chakula vya shira, mimina mililita 80 za kahawa na kiasi hichohicho cha maziwa yaliyochemshwa, yakaenguliwa utando na kupozwa kwenye friji. Koroga mara moja tu, kisha kwaruzia kungumanga kidogo juu yake. Tui zito la nazi hufaa kwa asiyekunywa maziwa, na kwa maoni yangu hupatana na mdalasini kuliko maziwa yenyewe. Watoto wapewe maziwa na shira bila kahawa, kwa barafu ya maji yaliyochemshwa. Barafu ya kuuza mitaani itumike kupozea chupa kwa nje tu, isiingie kwenye glasi.

Anayependa ladha kali aache maziwa kabisa, aweke kijiko kimoja cha unga wa ubuyu uliokorogwa katika maji kidogo na kuchujwa, pamoja na zabibu za Dodoma zilizogandishwa, ambazo hupoza glasi bila kuongeza maji. Ubuyu usikutane na maziwa katika glasi hii, kwa kuwa asidi yake huyakatisha. Kahawa iliyobaki bila maziwa hukaa kwenye friji siku tatu hadi nne na shira wiki mbili, lakini umeme ukikatika kwa muda mrefu, iliyokwisha kuchanganywa na maziwa imwagwe.