Namna ya kupikia friza mkiwa wawili tu nyumbani

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilipika chakula cha watu saba. Watoto wakatoka mmoja mmoja, kitinda mimba akaenda chuo, tukabaki mimi na mzee wangu hapa Tanga. Watu walipungua, mkono haukupungua. Kila nikipima mchele najikuta nimepimia saba, wali unalala, asubuhi wanaofaidi ni kuku wa jirani. Mzee naye ana neno lake moja: "Mimi kiporo sili."

Nikajaribu kupika kidogo. Robo kilo ya maharage ikakaa jikoni karibu saa mbili, ikala mkaa kama ingekuwa kilo nzima, kisha ikatoka bakuli mbili tu. Hapo ndipo nilipoanza kupikia friza. Sasa naingia jikoni kwa kazi kubwa Jumamosi moja kila baada ya wiki tatu, na siku za kazi chakula kinaiva kwa dakika 20 au 30.

Nilianza vibaya lakini. Nilikuwa namaliza chakula kabisa, na tui lake, na viungo vyake, halafu nagandisha. Kikirudi mezani kinanukia jana, na mzee anakijua kabla hajakaa. Siku hizi nagandisha chakula kilichofika nusu ya njia. Ile kazi ndefu ya kuchemsha maharage, kulainisha nyama na kuivisha nyanya naimaliza Jumamosi. Tui, kitunguu cha kukaanga, pilipili na ndimu vinangoja siku yenyewe.

Kwanza, liangalie friza lako

Kama unachotegemea ni kile kisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja, pika cha wiki moja, usizidishe. Kisanduku kile mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo ndipo chakula kinapokaa vizuri kwa miezi. Mimi nina friza dogo la kusimama peke yake, la lita 100 hivi, na kwa watu wawili linatosha na kubaki.

Siku moja kabla, litoe barafu iliyojenga ukutani, lipange, liache lipoe kabisa. Usisubiri Jumamosi mchana ndipo uanze kugombana na donge la barafu huku sufuria tatu zinakusubiri.

Vyombo

Pima chombo kwa mlo mmoja wa watu wawili. Hili ndilo wengi wanalikosea: wanajaza kopo kubwa la aiskrimu, halafu siku wanataka kidogo inabidi wayeyushe lote. Kwa maharage, nyama na kisamvu natumia makopo ya nusu lita yenye kifuniko kinachobana. Kwa rosti natumia vikopo vya kikombe kimoja cha chai. Nazi inaingia kwenye vifuko vya chakula, vile vya kufunga kwa kubana mdomo. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata zamani haikufaa kazi hii. Ni nyembamba, inapitisha harufu, na nazi inatoka inanuka samaki.

Nunua pia utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, na kalamu ya wino usiofutika. Usijidanganye kwamba utakumbuka. Kisamvu na mchicha vikishaganda ni ndugu wa tumbo moja.

Sokoni

Kwa wiki tatu zetu nabeba maharage kilo 1, nyama ya ng'ombe ya steki kilo 1 na nusu, nyanya kilo 4, vitunguu kilo 1 na nusu, nazi 5, kisamvu kilichotwangwa cha kutosha sufuria moja ya kati, unga wa ngano kilo 1, tangawizi na saumu. Samaki hayumo kwenye hesabu hii. Tanga samaki unanunua asubuhi ukala mchana. Kumgandisha changu ukiwa hapa ni kumkosea adabu.

Ijumaa usiku

Chambua maharage, yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi. Basi, kalale.

Jumamosi: anza na yanayochelewa

Mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya, bandika maharage kwenye mkaa. Yakianza kuchemka, yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza moto. Maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Moto wa kubembeleza tangu mwanzo hauiondoi. Epua yakiwa yameiva lakini punje bado imejishika, kwa sababu yataiva tena siku ya kula. Ukiyaacha yapasuke leo, wiki ijayo una uji. Kilo moja kavu hunipa makopo 5.

Kisamvu nacho hakina haraka. Kisamvu kibichi kina sumu, na kinachoiondoa ni kutwangwa na kuchemshwa sana, sufuria ikiwa wazi. Mimi nakipa zaidi ya saa nzima, mpaka ile harufu ya majani mabichi iishe. Chumvi kidogo tu. Nazi usiiguse.

Nyama ikate vipande vya ukubwa mmoja, iweke tangawizi, saumu na chumvi, ichemke kwenye gesi mpaka iwe laini na supu ibaki ya kufunika vipande. Supu hiyo usiimwage. Ndani ya kopo ndiyo inayoizuia nyama isikaushwe na baridi. Kipande kinachochomoza juu hutoka na mabaka meupe, makavu kama kizibo. Kilo moja na nusu inatoka makopo 5. Viungo vizito punguza kwa mkono wako. Karafuu, pilipili manga na saumu vikikaa kwenye barafu huzidi ukali, wakati mwingine vinakuwa vichungu, kwa hiyo karafuu naziacha kabisa mpaka siku ya kula.

Rosti ya nyanya

Hapa nakuomba usiharakishe, maana rosti hii ndiyo itakayoingia kwenye nyama, samaki, mayai, hata bamia za ghafla.

Kata vitunguu vyembamba, vikaange kwa mafuta ya kutosha na moto wa wastani. Vitalainika, vitatoa maji, halafu sauti ya sufuria itabadilika: ile ya kuchemka itageuka kuwa ya kukaanga. Ngoja sauti hiyo. Vikishageuka rangi ya chai ya rangi, tia tangawizi na saumu, koroga dakika moja, mimina nyanya zilizosagwa. Sasa acha ikauke, funiko likiwa pembeni, ukikoroga chini isishike. Mara ya kwanza utaona mafuta yamepotea. Yatarudi. Yakianza kujitenga na kuogelea pembeni, na mwiko ukipita unaacha njia isiyojifunika mara moja, rosti imeiva. Ukiitoa kabla ya hapo bado ina maji, maji yanageuka barafu, na siku ya kula utakuwa unakausha nyanya upya. Kilo 4 za nyanya hushuka mpaka vikopo 11 au 12.

Nazi na chapati

Tui linagandishika, lakini likiyeyuka linajitenga, maji huku na mafuta kule. Ukilichemsha huku unakoroga linarudiana, ila halirudi lile la kwanza. Mimi nagandisha nazi iliyokunwa. Zikune nazi zote tano, gawa kila moja vifuko viwili, lalaza kifuko kiwe bapa, toa hewa, funga. Siku ya kula unaitumbukiza kwenye maji ya moto kiasi, unakamua, unapata tui zito la leo.

Chapati pika mpaka zigeuke rangi upande huu na huu bila kuziunguza, ziache zipoe, pangilia na karatasi kati ya moja na nyingine. Za kilo moja kwetu ni milo mitatu au minne. Zinatoka frizani moja kwa moja hadi kikaangoni.

Kupoza

Nimeona watu wanaacha sufuria juu ya jiko mpaka kesho yake "ipoe." Kwa joto la hapa, sufuria nzito ya maharage inaweza kukaa vuguvugu usiku kucha, na vuguvugu ndiyo raha ya bakteria. Lengo langu ni saa mbili tangu kuepua mpaka kuingia kwenye baridi. Naweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, nakoroga, maji yakipata joto nayabadilisha. Kikishafika cha kushikika, nagawa kwenye makopo, naacha nafasi ya kidole kimoja juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kupasua kifuniko. Makopo yakipoa kabisa yanaingia frizani yakiwa yameachana, ili baridi ipite kati. Kesho yake yakiwa mawe ndipo nayabana pamoja.

Utepe: jina, tarehe. Maharage, nyama na kisamvu navila ndani ya miezi miwili. Baada ya hapo, kama friza halikuyumba, havidhuru, ila ladha inachoka.

Nisivyogandisha

Viazi mviringo ndani ya mchuzi hutoka kama sifongo. Yai la kuchemsha linakuwa mpira. Kachumbari usiulize. Ugali na wali napika papo hapo. Dakika 20 za wali si za kugombania friza, na wali uliokaa nje kwa masaa unaweza kuota sumu isiyoondoka hata ukiupasha.

Shilingi 200 juu ya barafu

Mwaka mmoja tulikwenda msibani Korogwe, siku nne. Kuongeza luku nilisahau mimi mwenyewe. Mzee alitangulia kurudi, akakuta giza, akanunua umeme kwa simu, akanyamaza. Niliporudi kila kitu kilikuwa kimeganda kama jiwe. Kilichonishtua ni vifuko vya nazi: vilikuwa vimeshikana donge moja, vimelala chini kwa umbo la sakafu ya friza. Kwa hiyo viliyeyuka vyote, vikaganda tena. Nikamwaga makopo 11, na siku ile sikumsemesha mtu.

Tangu hapo nina kikopo cha maji yaliyoganda, na juu ya barafu nimeweka sarafu ya shilingi 200. Nikirudi safari naangalia hapo kwanza. Sarafu ikiwa juu, tuko salama. Ikiwa imezama katikati au chini, chakula kiliyeyuka. Umeme ukikatika ukiwepo, usifungue mlango: friza lililojaa hushikilia baridi kama saa 48, lililo nusu kama 24. Ndiyo maana nafasi tupu najazia chupa za maji.

Siku ya kula

Usiku hamisha kopo kutoka frizani kwenda kwenye friji. Usiliache mezani kutwa nzima. Ukisahau, lipitishe kopo chini ya maji ya bomba, donge litaachia. Liweke kwenye sufuria na maji kidogo, funika, moto mdogo mpaka liyeyuke, halafu pandisha lichemke kweli kweli mpaka katikati.

Maharage: kaanga kitunguu kidogo, tia kopo, kamulia tui la nusu nazi, usiache tui lichemke kwa fujo. Nyama: pasha kikopo cha rosti, mimina nyama na supu yake, weka karafuu moja, malizia na ndimu. Kisamvu: tui, chumvi, na karanga zilizosagwa kama zipo. Samaki wa asubuhi mkaange, mwagie rosti. Mzee anakula anafuta sahani kwa kipande cha chapati, na mpaka leo anawaambia watu kwamba yeye hali kiporo.

Kopo likishatoka, bandua ule utepe ubandike kwenye mlango wa friji. Kwetu tepe zikifika 12 za makopo makubwa, najua Jumamosi inayokuja ni ya soko.