Somo: Kutia muziki shairi la mapenzi la Kiitaliano lililotafsiriwa kwa Kijerumani

Somo hili ni la wanaosoma nota na wanaoweza kupiga piano kwa mikono miwili bila kujikwaa sana. Kijerumani si lazima ukijue, ila uwe tayari kukitamka kwa sauti, tena mara nyingi mpaka majirani wakuulize kuna nini.

Mfano wetu ni mtunzi wa muziki Hugo Wolf. Mwaka 1860 mshairi Paul Heyse, ambaye mwaka 1910 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alichapisha Italienisches Liederbuch, mkusanyo wa nyimbo za watu wa Italia alizozigeuza kuwa mashairi ya Kijerumani. Nyingi ni rispetti (moja huitwa rispetto) za Toscana: ubeti mmoja wa mapenzi, wa kusifu, kununa, kukejeli au kutaka suluhu. Wolf, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1860, alichukua 46 akazitungia muziki wa sauti moja na piano. Alitunga 22 kati ya 1890 na 1891, akakwama kwa miaka, kisha 24 zilizobaki zikamtoka kwa majuma machache tu ya mwaka 1896. Nyingi hazifiki hata dakika mbili.

Hatua ya 1: Chagua ubeti mmoja

Mmoja tu, wala usitafute kibwagizo. Mimi jaribio langu la kwanza nililigawa rispetto mara mbili, nikatia kiitikio katikati kama wimbo wa kwaya. Mwalimu wangu alilipiga mpaka mwisho, akanifungia kitabu taratibu, akaniuliza kama mpenzi anayebembeleza huwa anaitikiwa na watu arobaini.

Hatua ya 2: Hesabu mizani

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa. Rispetto la kawaida lina mishororo 8, kila mshororo mizani 11. Mpangilio wa vina unaopendwa ni huu: mshororo wa 1 na wa 3 vina kina kimoja, wa 2 na wa 4 kingine, halafu wa 5 na wa 6 wanashikana, wa 7 na wa 8 vilevile. Heyse aliuhifadhi mara nyingi. Chukua shairi linalofungua mkusanyo wa Wolf, linaloanza hivi:

Auch kleine Dinge können uns entzücken,
Auch kleine Dinge können teuer sein.

Maana yake: hata vitu vidogo huweza kutufurahisha, hata vitu vidogo huweza kuwa vya thamani. Kisha inatajwa lulu, inatajwa zeituni, inamalizia waridi. Mshororo wa kwanza una silabi 11, wa pili 10, maana unaishia na silabi yenye mkazo. Tofauti hiyo ya silabi moja iandike pembeni. Ndiyo itakayokuambia wapi sauti itue laini na wapi itue kwa uthabiti.

Angalia pia kwamba shairi linageuka kwenye mshororo wa 5, pale vina vinapoanza kwenda wawiliwawili. Muziki wako nao upate sababu ya kubadilika hapo, hata kama ni kwa noti moja ya besi.

Hatua ya 3: Pigia mstari silabi zenye mkazo

Hatua hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kiitaliano huhesabu silabi, kama sisi. Kijerumani huhesabu mikazo. Heyse alipohamisha shairi alibadilisha injini yake ya ndani: badala ya mizani 11 ukapata mikazo mitano, dhaifu-nzito, dhaifu-nzito. Auch KLEI-ne DIN-ge KÖN-nen UNS ent-ZÜ-cken. Kwa hiyo anayetunga anatunga kwa Kijerumani. Melodia uliyoipata kwa kusoma Kiitaliano cha asili iweke pembeni, hata kama ni tamu.

Chukua neno Bedenkt, «fikirini», linaloanzisha mshororo wa tatu wa shairi hilohilo. Mkazo uko kwenye -denkt. Mwanafunzi akiweka Be- kwenye pigo la kwanza la kipimo, Mjerumani atasikia neno limevaa viatu kinyume. Silabi hiyo ya mwanzo iwe noti fupi inayotangulia, ndipo -denkt iangukie pigo lenyewe. Tazama pia konsonanti zinazorundikana kama kwenye entzücken: mdomo unahitaji muda. Usizipe noti za haraka kisha ukamlaumu mwimbaji.

Inasimuliwa kwamba Wolf mwenyewe, kabla ya kupiga wimbo wake mbele ya watu, alikuwa analisoma shairi kwanza kwa sauti. Fanya hivyo. Pale sauti yako inapopanda bila kulazimishwa, hapo ndipo melodia inapotaka kupanda.

Hatua ya 4: Jua nani anasema, na anaficha nini

Andika sentensi moja tu. Mfano: kuna rispetto ambamo msichana anasema alitamani siku nyingi kupendwa na mwanamuziki, na sasa Mungu amemjalia mmoja, huyo anakuja, anainamisha kichwa na kupiga fidla. Maneno yote ni ya kusifu. Wolf akatoa siri kwenye piano: baada ya msichana kunyamaza, piano inaiga fidla inayopigwa kwa kusitasita, na mwisho kabisa mpigaji anang'ang'ania mtetemo wa noti mbili usiomtii. Msichana hakusema hata neno moja baya.

Hatua ya 5: Anza na piano

Tafuta umbo moja dogo la piano, kipimo kimoja au viwili, linalobeba ile sentensi ya hatua ya 4. Katika Auch kleine Dinge ni noti nyepesi zinazoteremka kwa utulivu, kama mtu anayemimina shanga kiganjani. Umbo hilo lishikilie. Ukishakuwa na maumbo matatu umeshapotea.

Hatua ya 6: Sauti juu yake

Silabi moja, noti moja, karibu muda wote. Kuivuta silabi moja kwa noti nyingi ni pambo la opera, na hapa linaua mazungumzo. Sauti isifuate mkono wa kulia wa piano noti kwa noti. Kila mmoja awe na njia yake.

Hatua ya 7: Mwisho

Amua nani ana neno la mwisho, mwimbaji au piano. Basi.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mwalimu, wimbo wa mwanamke naweza kuuimba mimi mwenye besi?*
Hakuna askari atakayekuja. Lakini desturi kwenye tamasha ni waimbaji wawili, wa kike na wa kiume, wagawane kulingana na anayesema. Zote 46 huchukua saa moja na robo hivi, na waimbaji wengi huzipanga upya ili wawili hao waonekane wakijibizana.

*Swali: Kwa nini tusitunge kwa Kiitaliano moja kwa moja?*
Unaweza. Ermanno Wolf-Ferrari, mzaliwa wa Venice, baba Mjerumani na mama Mwitaliano, alitungia rispetti muziki kwa Kiitaliano chenyewe. Jihadhari na kitu kimoja: Waitaliano huunganisha irabu za maneno yanayofuatana zikahesabiwa mizani moja. Ukihesabu kama unavyohesabu shairi letu, utapata 13 ukadhani mshairi amekosea.

*Swali: Maneno ya Heyse yanahitaji kibali?*
Heyse alifariki 1914, Wolf 1903. Yako huru. Tafsiri mpya ya mtu aliye hai ni habari nyingine; mwombe kwanza.

*Swali: Je, Kiswahili kinaweza kuingia kwenye rispetto?*
Tena kinaingia kwa urahisi kuliko Kijerumani. Mizani 11 ya Kiitaliano huwa na mkazo kwenye ya 10, na sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mshororo wowote wa mizani 11 unatua penyewe. Nimejaribu:

Vitu vidogo navyo vyapendeza,
Vitu vidogo navyo vina bei.

Endelea wewe na lulu. Inkisari na mazida ruksa, ila usizidishe.

*Swali: Wimbo wa mwisho wa mkusanyo, yule dada anayetaja wapenzi wake mji kwa mji, Penna, Ancona, Viterbo na kwingineko mmoja mmoja, La Fratta wanne, Castiglione kumi. Nimepata jumla 21. Ni sawa?*
Sawa kabisa. Na mmoja wao anaishi naye mji mmoja.