Makapi ya Matunda kwa Mifugo: Shughulikia Maji Kwanza, Kisha Protini

Maganda ya machungwa, ndizi na mananasi, pamoja na makapi yanayobaki juisi ikishakamuliwa, yana sukari nyingi inayompa nguvu mnyama anayecheua. Upungufu wake ni protini. Makapi ya machungwa yaliyokaushwa, kwa mfano, yana takriban asilimia 6 hadi 7 tu, na hiyo haimtoshi ng'ombe wa maziwa. Lakini kabla ya protini kuna maji. Makapi mabichi huwa na maji asilimia 80 au zaidi, ndiyo maana huchacha na kuota ukungu ndani ya siku chache.

Jua likiwa la uhakika, katakata maganda vipande vidogo, anika tabaka jembamba kwenye kichanja au turubai na ugeuze mara kwa mara mpaka yavunjike mkononi. Yasipokauka vizuri yataota ukungu ndani ya gunia.

Msimu wa mvua, tengeneza saileji, yaani lishe inayochachushwa bila hewa ili isioze. Hapa wengi hukosea kwa kushindilia makapi yakiwa majimaji, na matokeo yake ni uozo unaonuka ambao ng'ombe hataki kuusogelea. Changanya na mabua au majani makavu yaliyokatwakatwa: kwa kilo 100 za makapi yenye maji asilimia 85, weka kilo 25 hivi za mabua makavu, na mchanganyiko utashuka hadi asilimia 70. Ukamate kiganjani na ukaze ngumi. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ongeza mabua. Molasi kwa kawaida haihitajiki, sukari ya matunda yenyewe inatosha kuchachusha. Shindilia hewa yote itoke, funika kwa nailoni, na usifungue kabla ya wiki 3.

Sasa protini. Njia ninayoiamini zaidi ni kulisha saileji hiyo pamoja na mashudu ya alizeti au pamba, au majani ya mikunde kama lukina. Hamira nayo husifiwa sana. Ni kweli hukua vizuri kwenye makapi matamu, ila haiwezi kutengeneza protini bila chanzo cha naitrojeni. Bila hicho, asilimia ya protini hupanda kwa sababu tu sukari imeliwa. Urea ni chanzo cha naitrojeni, lakini ni kwa wanyama wanaocheua pekee, tena ipimwe kwa mizani na iyeyuke kabisa katika maji kabla ya kunyunyizwa. Bonge moja lisiloyeyuka linaweza kumuua ng'ombe.

Kokwa za maembe zina tanini, kemikali chungu inayozuia protini isimeng'enywe. Pasua ganda gumu, loweka kiini, chemsha, mwaga maji hayo, kisha kausha na usage. Maganda ya ndizi mbivu yana tanini kidogo kuliko ya ndizi mbichi.

Chochote chenye ukungu kitupwe. Kuchemsha hakuondoi sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, na kwa ng'ombe wa maziwa sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Chakula kilicho salama nacho kianze kidogo kidogo, kiasi kikiongezwa kwa muda wa wiki 2, kwa sababu sukari nyingi ya ghafla huleta asidi tumboni.