Kabla mtoto wa spina bifida hajatoka wodi, kaa chini na ndugu zake kwanza

Spina bifida ni pale mtoto anazaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri. Wacha nimalize yale ya haraka. Mambo ya hospitali watakuonyesha wenyewe: kidonda cha mgongo, katheta (mrija wa kumtoa mkojo) kila masaa matatu manne, na shanti ya kichwa (mrija wa kutoa maji yanayojaa kichwani) ikiziba utajuaje (anatapika, analala usingizi mzito usio wake, utosi umevimba, macho yanaangalia chini). Andika kwa karatasi, bandika kwa mlango wa kabati. Kadi ya NCPWD (baraza la watu wenye ulemavu) anza kuifuatilia mapema. Glovu za mpira na baluni zitoke kwa nyumba, hawa watoto ni rahisi sana kupata alaji ya huo mpira, na hapo ndio utaanza kukosana na ndugu zake, kwa sababu bathdei haina baluni tena. Waambie mapema, si wakati wameshaalika watoto wa ploti nzima.

Halafu wewe na baba yake mkubaliane mtasema nini wageni wakija. Na watakuja. Kuna shangazi atauliza uliruka nini ukiwa na mimba, kuna mwingine atasema hii imetoka kwa ukoo wa mama. Jibu ni fupi: uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za kwanza za mimba, saa hizo wewe mwenyewe hata hujajua uko nayo, sasa wa huyu haukufunga vizuri, basi. Hakuna mtu alirogwa. Semeni hivyo watoto wakubwa wakiwa hapo hapo wanasikia, juu wakikosa jibu wanajitungia lao, na kwa lao mkosaji huwa ni wao. Na kama mnapanga mwingine, muone daktari kabla, foliki asidi (vitamini ya mimba) ya mama aliyeshazaa mtoto hivi ni miligramu 4 kwa siku, mara kumi ya ile ya kawaida, usiende kujinunulia tu duka la dawa.

Sasa hii ingine. Usimpe ndugu yake kazi yako. Najua unasema huwezi. Hata mimi nilisema.

Mdogo alipoingia PP1 (chekechea) tulimpeleka shule ya mtaa, hiyo hiyo dada yake yuko, msichana wa miaka kumi. Mimi nauza mitumba Gikomba, natoka kwa nyumba kama bado ni giza. Pesa ya kulipa mtu aende shuleni saa nne amtoe mkojo sikuwa nayo, na dada alikuwa ameniona nikifanya hiyo kitu miaka yote, ananawa mikono vizuri, hana kinyaa, nikamfundisha. Na nilimsifu, weh, mpaka kanisani, eti daktari wangu. Tukaenda hivyo miezi mitatu.

Ikafika tripu ya dada, ya Giraffe Centre. Nilikuwa nimelipa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Asubuhi amevaa, mkoba uko na mandazi na juisi, tukishuka ngazi akaketi kati ya floo ya tatu na ya pili akasema tumbo linauma. Mimi nimechelewa, nikamgombeza vibaya, pesa yangu, basi linaondoka, na majirani wanapita na mitungi ya maji wanatuzunguka. Hakulia. Alishika chuma ya ngazi akaniuliza, "Mum, leo saa nne nani?" Nikamwambia nimeongea na mwalimu. "Na anajua asipotolewa figo itaharibika?"

Hapo nikaketi pia. Hayo ya figo sista wa kliniki alituambia zamani, huyu msichana akiwa amesimama hapo na mkoba wa nepi, na mimi nilisikia ni maelekezo tu kama mengine. Kumbe yeye alitoka huko amebeba figo za ndugu yake. Baadaye mwalimu akaniambia saa ya breki hachezi, na cucu (nyanya) yake akaniambia kwamba likizo ile alikuwa kwake Murang'a, ndugu yake akiwa huku na mimi, ikikaribia saa nne alikuwa anaacha mchezo anakuja kuuliza ni saa ngapi. Cucu alifikiria ni njaa, akawa anampea chai.

Nilimfuta kazi. Nilitumia hilo neno. Na usifikirie alifurahi, alininunia wiki mbili, kwa sababu nilimnyang'anya kitu alikuwa anasifiwa nacho, kwa hivyo usichukue yote, muache na moja anayopenda mwenyewe (wangu alichagua kumsomea hadithi usiku). Auntie wa shule alifundishwa, ninampea kitu kidogo kila wiki, na kwa kliniki nikaomba daktari amwambie dada mwenyewe, si mimi, kwamba kuchelewa mara moja hakuui figo. Sahii mdogo ana miaka saba, anajifunza kujitoa.

Mengine ni ya kawaida. Pangeni mapema nani atakuja kubaki na watoto mkitoka usiku kwenda hospitali, na muwaamshe muwaambie mnaenda, mtoto asiamke akute kitanda kitupu. Huyo mkubwa mtoe peke yake mara moja moja, hata kama ni chipsi tu, na msiongee habari za hospitali. Tafuteni wazazi wenzenu, SHAK (chama cha spina bifida na kichwa maji cha Kenya) wako. Baba akianza kurudi nyumbani usiku sana kila siku, muulize mapema. Ukihama tafuta floo ya chini, mtoto anakua na mgongo wako ni huo huo. Na vitu watu wanaleta kusema vitamponya, mafuta, maji, sijui mizizi gani, pokea, sema asante, weka juu ya kabati.