SOMO: Namna ya kufanya posti yako isambazwe na watu usiowajua

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki napokea ujumbe ule ule: "Mbona posti zako watu wanazishea, zangu hata ndugu zangu hawazigusi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mimi natotolesha na kuuza vifaranga, Morogoro. Sijawahi kulipia tangazo. Haya nimejifunza kwa kuku, lakini hata muuza mitumba yatamfaa.

1. Posti iwe ya umma. Ukiiwekea "marafiki tu" haitoki nje ya marafiki zako.

2. Kabla hujaandika, jiulize: mtu akiiona hii, atamkumbuka nani? Hapa ndipo wengi mnapokosea. Mtu hashei ili wewe uuze. Anashea kwa sababu kuna mtu wake amemjia akilini. Ukiandika "Vifaranga chotara wapo, bei poa, karibuni", anamkumbuka nani? Hakuna. Mimi niliandika ratiba ya chanjo za magonjwa ya kuku: kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, Gumboro tena siku ya 28, ndui wiki ya 6 hadi ya 8, halafu kideri kila baada ya miezi 3. Kila mwenye shangazi anayefuga alimtumia shangazi yake. Jina la biashara yangu lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, na simu ziliita wiki nzima.

3. Posti moja, jambo moja.

4. Kila cha lazima kiwe ndani ya picha yenyewe. Watu wanapiga skrinishoti na kuweka statasi, kapsheni yako inabaki ulikoiacha. Kwa hiyo jina, mji, namba ya simu, tarehe pamoja na mwaka, vyote viandikwe juu ya picha. Kama kuna bei, andika na siku ya mwisho ya bei hiyo, la sivyo utagombana na wateja mwakani. Herufi zisomeke kwenye simu ndogo bila kukuza picha. WhatsApp inabana picha. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD cha kutuma picha ikiwa na ubora zaidi, lakini usitegemee kwamba kila atakayeituma atakibonyeza.

5. HAKIKI KABLA HAIJATOKA. Naomba hapa msisome haraka.

Mwaka 2021 niliandika kwenye picha kwamba chanjo ya kideri ichanganywe na "maji safi ya bomba". Nilimaanisha maji yasiyo na uchafu. Mimi mwenyewe natumia kisima, hilo "bomba" lilikuja kwa mazoea tu. Sasa maji ya bomba ya mjini yanatiwa klorini, na chanjo ile ni virusi hai. Klorini inaviua, kuku anabaki anakunywa maji matupu. Siku ya pili mtaalamu wa mifugo alinisahihisha kwenye maoni. Nikahariri posti ya Facebook, nikaamini yamekwisha.

Hayakwisha. Picha ilikuwa imeshahamia WhatsApp, grupu kwa grupu. Baada ya miezi mitatu mama mmoja alinipigia kutoka Njombe. Kuku wake zaidi ya 60 walikuwa wamekufa, na alisema aliwachanja. Nikamuuliza alichanganyaje. Akanisomea maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Nilimwambia ukweli kwamba kosa ni langu, na nikampelekea vifaranga. Sauti yake bado naisikia.

Kwa hiyo shikeni haya:
- Ujumbe wa WhatsApp unaharirika ndani ya dakika 15 tu. Kuufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili na kidogo. Na vyote viwili havigusi nakala ambayo mtu ameshaituma mbele.
- Mpe asome mtu anayeijua kazi, halafu mpe asiyeijua kabisa. Yule wa pili akuelezee alichoelewa. Huyo ndiye angenisimamisha kwenye neno "bomba".
- Ilaze usiku mmoja.
- Ukikosea, usihariri kimyakimya. Tengeneza picha mpya yenye neno MASAHIHISHO kubwa, weka ile mbovu pembeni ikiwa na alama ya X, na uipitishe kwenye magrupu yale yale.

6. Usiombe shea kwa baraka wala vitisho. "Shea kwa watu 10 upate neema" inaudhi watu, na Facebook walitangaza Desemba 2017 kwamba posti za namna hiyo wanazishusha.

7. Posti usiku, watu wakishakula.

8. Jibu maoni yote, hata ya kejeli.

Maswali karibuni.

---

Kidume_wa_Mbagala: Mkuu nimefanya yote haya hakuna kitu. Tatizo nini?

Mtoa somo: Yote umeyafanya ndani ya dakika 20? Weka posti yenyewe hapa tuione.

Kidume_wa_Mbagala: Ni ya viatu. "Raba kali zimeingia."

Mtoa somo: Namba 2. Rudi usome.

Fursa_Tu: Somo refu sana. Si ununue mashabiki tu, au uni-add kwenye magrupu 200 nitupie tangazo?

Mtoa somo: Mashabiki wa kununua hawana shangazi wa kumtumia. Magrupu sitoi. Waliomo walinipa namba zao kwa ajili ya kuku.

Fursa_Tu: Unabania riziki.

Mtoa somo: Nimeandika bure kila ninachojua. Sina la kuongeza.

Ukaya_Tanga: Shikamoo kaka. Mimi nauza khanga na madera. Sina elimu ya kumpa mtu kama ratiba ya chanjo. Namba 2 naifanyaje?

Mtoa somo: Marahaba dada. Wewe una bahati kuliko mimi. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo linalosema. Bibi zetu walivaa khanga ili kumfikishia mtu neno bila kufungua mdomo, na mtu anayeshea posti anafanya jambo lile lile. Usipige picha ya rundo. Chukua doti moja, litandaze jina lisomeke, kisha andika: "Majina matano ya kumpelekea mkwe" au "Khanga ya kumpa rafiki mliyepatana baada ya ugomvi". Atakayeituma atakuwa anamwambia mtu jambo. Jaribu, uje utuambie imekwendaje.

Ukaya_Tanga: Nimekuelewa sana. Nina na majina ya zamani ambayo vijana hawayajui maana.

Mtoa somo: Hiyo ni hazina dada. Kila wiki jina moja na maana yake. Mabinti watawatumia mama zao kuuliza kama ni kweli.

Nyali_Boy: Salamu kutoka Mombasa. Posti yangu WhatsApp inaniandikia imetumwa mara nyingi na inakubali kwenda kwa mtu mmoja tu. Nimefungiwa?

Mtoa somo: Hapana ndugu yangu. Januari 2019 walipunguza kwa dunia nzima, ukawa unatuma mbele kwa soga (chati) 5 kwa mara moja. Aprili 2020, wakati wa uvumi wa korona, wakaongeza: ujumbe uliokwishapita mikono mitano unatumwa kwa soga moja moja. Ni dalili kwamba umefika mbali, ila ile alama ya mishale miwili inawafanya watu wautilie shaka. Mimi kila baada ya miezi miwili natengeneza picha upya, tarehe mpya, nikiipitia tena kama bado ni sahihi.

Nyali_Boy: Shukran. Na Instagram je?

Mtoa somo: Adam Mosseri, mkuu wao, ameshasema wazi kwamba watu kutumiana posti ni moja ya vitu vinavyoifikisha kwa wasiokufuata. Kwa hiyo namba 2 inafanya kazi hata huko.

Mama_Kuku_Kibaha: Samahani natoka nje ya mada. Mimi nina bomba tu, sina kisima. Chanjo nitaichanganyaje?

Mtoa somo: Hujatoka nje, uliza. Kinga maji ya mvua kwenye chombo safi kisichonuka dawa. Mvua ikikosekana, acha maji ya bomba wazi usiku kucha, kisha tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 3 kwa lita, ukoroge kabla ya kuweka chanjo. Chombo usikioshe kwa sabuni.

Daktari_wa_Kata: Naongezea: chanjo ibebwe na barafu toka dukani. Wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, waweke kivulini, na maji yenye chanjo wayamalize ndani ya saa mbili. Yakibaki yamwagwe.

Mama_Kuku_Kibaha: Asanteni. Naomba muiweke hii kwenye picha nimtumie dada yangu Chalinze.

Mtoa somo: Daktari naomba uipitie kwanza. Nitaiweka kesho usiku.