Mtoto yuko darasa la 10 Texas: ya kufanya kabla hujasaini fomu ya masomo

Wazazi wenzangu tuliosomea Tanzania, kuna mazoea tuliyopanda nayo ndege: tunausubiri mtihani wa mwisho. Kwetu mtoto anaweza kuzubaa kidato cha kwanza hadi cha tatu, akashtuka kidato cha nne, akajifungia na mitihani ya miaka iliyopita na akatoka na divisheni wani. Huku Marekani siku hiyo moja haipo. Kila muhula tangu darasa la 9 unaandikwa kwenye transkripti, yaani rekodi ya alama zake zote, na chuo kitausoma.

Naishi Houston, nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Mwanangu wa kwanza alimaliza sekondari 2022, na binti yangu yuko darasa la 10 sasa hivi. Kwa kaka yake nilichelewa, na hapa chini nitaeleza nilichelewa wapi. Naandika ya Texas kwa sababu ndiyo niyajuayo. Wewe uliye Ohio au Minnesota utakuta idadi ya krediti (hesabu ya masomo aliyofaulu) ni nyingine, lakini kazi ya mezani ni ileile.

Anza na transkripti

Usianze kwa kumuuliza mtoto anataka kuwa nani. Wa miaka 15 akiulizwa hivyo na mama yake atajibu "daktari" ili maongezi yaishe. Mwambie aombe transkripti isiyo rasmi kwa mshauri wa shule, au aichapishe kutoka kwenye akaunti yake ya shule. Sisi tulikaa Jumamosi asubuhi, chai ya tangawizi mezani, tukiwa na rula, kalamu ya kijani na kalamu nyekundu.

Texas inamruhusu mtoto kumaliza sekondari kwa krediti 22. Msiishie hapo. Lengo ni 26, zikiwa na mchepuo ndani yake. Michepuo iko mitano: sayansi na hesabu, biashara na viwanda, huduma kwa umma, sanaa na lugha, na ule wa mchanganyiko. Aliyesoma PCB au HGL ataelewa haraka, ila huku mtoto anachagua akiingia darasa la 9 na anaruhusiwa kubadili baadaye. Hizo 26 zimegawanyika hivi: Kiingereza 4, hesabu 4, sayansi 4, maarifa ya jamii 3, lugha nyingine 2, mazoezi ya mwili 1, sanaa 1, na 7 za kujichagulia.

Pigeni mstari wa kijani chini ya kila aliyoipata, mwekundu kwa inayodaiwa. Binti yangu alikuwa ameniambia darasa la 9 alitoka na krediti 7. Tulipojumlisha zikaja 6 na nusu. Tukajumlisha tena, yeye akihesabu kwa kidole, mstari kwa mstari. Iliyokosekana ilikuwa ya Kiingereza: muhula wa kwanza 71, wa pili 66. Hapa kufaulu ni 70, na wastani wa mihula miwili haukumfikisha. Yeye alidhani somo limepita.

"Mama, mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ndiyo maana tumekaa, mwanangu."

Nusu krediti ikigundulika sasa, inalipwa kwa masomo ya kiangazi kimoja na hakuna anayelia. Ikigundulika Aprili ya darasa la 12, joho limeshalipiwa na bibi ameshakata tiketi ya kuja kwenye mahafali.

Hapohapo tazameni mitihani ya jimbo, inayoitwa STAAR. Ya kumalizia sekondari iko mitano: Aljebra ya Kwanza, Baiolojia, Kiingereza cha kwanza, Kiingereza cha pili, na Historia ya Marekani. Kiingereza cha pili kwa kawaida hufanywa darasa hili la 10. Asipofaulu anarudia, kwa hiyo ni bora kujua mapema wapi anahitaji msaada.

Aljebra ya Pili

Hapa ndipo niliumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Texas ina sheria ya tangu 1997: mwanafunzi aliye ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lake shuleni anapokelewa moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya umma vya jimbo. UT Austin, yaani University of Texas ya pale Austin, imebana zaidi. Kwa wanaoanza vuli ya 2026 ni asilimia 5. Wazazi wengi tumeisikia sheria hii kanisani au kwenye vikoba. Ambalo hatusikii ni kwamba kuwa wa juu peke yake hakutoshi. Kwa mtoto wa shule ya umma, njia ya kawaida ni amalize kwa kiwango ambacho kwenye karatasi kinaandikwa Distinguished Level of Achievement, na kiwango hicho kinadai mchepuo, hesabu krediti 4, na moja ya hizo iwe Aljebra ya Pili.

Mwanangu alikuwa ndani ya asilimia 10. Akiwa darasa la 10, mwezi wa pili, alileta nyumbani fomu ya kuchagua masomo ya darasa la 11. Rafiki zake walikuwa wamemwambia kuna somo jingine la hesabu, jepesi, linalohesabiwa kama krediti vilevile. Ni kweli linahesabiwa. Mimi nilikuwa nimerudi kazini saa moja asubuhi, macho yamevimba, yeye anawahi basi. Nilisaini nikiwa nimesimama, karatasi nimeiegemeza kwenye mlango wa friji.

Miezi 21 baadaye, Novemba ya darasa la 12, tunajaza maombi ya vyuo, mshauri akatuambia Aljebra ya Pili haipo na ratiba haibadiliki tena. Alama zake za SAT, mtihani wa kuombea vyuo, nazo hazikuwa za kumwokoa. Hakuna mtu shuleni aliyekuwa amekaa nasi kutuonyesha fomu ile inafunga mlango gani, na hilo bado linaniuma. Alianza chuo cha jamii (community college), akasoma kwa bidii, akahamia chuo kikuu, na yuko vizuri. Lakini alilia siku ile, na mimi nililia kazini.

Kwa hiyo shikeni mstari huu: darasa la 9 Aljebra ya Kwanza, la 10 Jometri, la 11 Aljebra ya Pili, la 12 hesabu ya nne. Mwenye kasi zaidi ataanzia mbele na kufika Kalkulasi. Asiye na kasi tafuta wa kumsaidia, lakini Aljebra ya Pili isiachwe kwa sababu ya ugumu tu. Na kumbukeni kwamba chuo kikitazama nafasi ya mtoto darasani wakati wa maombi, mara nyingi kinaona alama za hadi mwisho wa darasa la 11. Aliye katikati ya darasa la 10 ana mihula mitatu ya kusogea.

Kuhusu masomo ya chuo yanayosomwa mtoto akiwa bado sekondari: ni mazuri na yanaokoa fedha. Tangu 2023 Texas ina mpango unaoitwa FAST. Mtoto aliyestahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, hata kama ni katika miaka minne iliyopita, hasomi kwa kulipa kwenye vyuo vilivyojiunga. Kwanza hupimwa kwa TSIA, mtihani wa kuona kama yuko tayari kwa masomo ya chuo. Tahadhari yangu ni moja: alama anazopata kwenye masomo hayo ya chuo zinabaki kwenye rekodi yake ya chuo. Binti yangu ataanza na somo moja, si manne.

Kodi yako ya mwaka huu

Hili nililielewa juzijuzi, na ningependa kila mzazi alisikie. FAFSA, fomu ya misaada ya serikali, haitazami kipato cha mwaka mtoto anaoingia chuo. Inarudi nyuma miaka miwili. Mtoto aliye darasa la 10 mwaka huu wa masomo 2025/26 atahitimu Mei 2028, na fomu yake itatazama kodi ya 2026. Yaani mwaka unaohesabiwa umeanza Januari hii, akiwa bado darasa la 10.

Maana yake nini nyumbani? Toa kodi yako kwa wakati na kwa ukweli, W-2 zote, zile karatasi za mshahara za kila mwajiri, ziwekwe kwenye bahasha moja. Ukifikiria kutoa fedha kwenye akiba ya kustaafu ili kujenga Kibaha, jua kwamba fedha hizo kwa kawaida zinaonekana kama kipato cha mwaka huo, kwa hiyo zungumza na mtu wa kodi kwanza. Na fedha unazomtumia mama Morogoro, ada za wadogo zako, michango ya msiba, fomu haina mahali pa kuziandika. Usipange kana kwamba zitakupunguzia. Ukipoteza kazi au ukipata gharama kubwa za matibabu baadaye, ofisi ya misaada ya chuo ina mamlaka ya kusikiliza hali hiyo, kwa hiyo tunza risiti.

Pell Grant, msaada wa serikali unaoombwa kwa FAFSA, kwa mwaka wa masomo 2025/26 inafika hadi dola 7,395, na hairudishwi kama mkopo. Wenye green card na wakimbizi wanaweza kuomba. Texas imeiweka FAFSA kuwa sharti la kuhitimu tangu 2021/22, ingawa mzazi anaweza kusaini fomu ya kukataa. Kuijaza ni bure. Anayekuomba fedha ili akujazie, au akuahidi udhamini kwa malipo, muage kwa heshima.

Mengine

PSAT, mtihani wa kujiandaa na SAT, ya Oktoba darasa la 10 ni ya kujipima. Ile ya darasa la 11 ndiyo inayoingia kwenye shindano la udhamini la National Merit. Mazoezi yapo bure Khan Academy, na dakika 20 kwa siku zinafanya kazi kuliko Jumapili nzima.

Shughuli za nje ya darasa zinatutisha tukiona watoto wa wenzetu na vinubi vyao na safari za kujitolea. Msiogope. Kwenye Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, kuna nafasi 10 za shughuli, na mojawapo ya makundi ni majukumu ya nyumbani. Mtoto anayempokea mdogo wake kwenye basi kila siku, akapika wali kabla mama hajaamka kwenda kazini, ana la kuandika. Mnunulie daftari, aandike tarehe na saa. Kufikia darasa la 12 atakuwa amesahau nusu.

Kiswahili chake nacho ulizia. Wilaya nyingi za Texas zinatoa mtihani wa kupata krediti bila kukaa darasani, na swali la kumuuliza mshauri ni kama lugha yetu imo.

Na mpeleke aone chuo kwa macho. Sisi tulipanda treni ya zambarau ya METRO hadi University of Houston, tukatembea maktabani na kwenye bustani. Njiani kurudi ndipo binti yangu alipotamka bila kuulizwa kwamba udaktari hautaki, anataka uhandisi wa maji. Nilinyamaza kituo kizima, halafu nikamwomba anieleze.

Omba miadi na mshauri sasa. Barua pepe fupi inatosha: jina la mtoto, darasa, na kwamba unataka kupitia mpango wake wa kuhitimu kwa kiwango cha juu. Kama Kiingereza kinakukwama, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni wajibu wa shule kumpata, na mtoto wako hapaswi kufanywa mkalimani wa mambo yake mwenyewe. Nenda na transkripti yenye kijani na nyekundu.

Fomu ya masomo ya darasa la 11 ya binti yangu ilifika wiki iliyopita. Sikuisaini siku hiyo. Ilikaa siku tatu kwenye friji chini ya sumaku, kila mtu akiisoma kwa wakati wake. Kaka yake alikuja Jumapili kula, akaichukua, akatafuta kalamu, akaweka tiki kwenye Aljebra ya Pili, ndipo akanipa nisaini.